Kiti Kidogo cha Daraja la Chuma

Mimi ni dobi, na ukuta wangu mmoja ni ukuta wa Fundi Viti. Ni ukuta wa mbao, kwa hiyo hawezi kukohoa nisisikie, wala mimi siwezi kuporomosha matusi pasi ikiniunguza asisikie. Tumekaa hivyo miaka mingi. Watu wa mtaani wanasema eti kuna kitu kati yetu. Kipo, ni huo ukuta.

Namsimulia mimi kwa sababu mwenyewe hatajisimulia ng'o. Ukimuuliza habari zake atakupa habari za kiti chako: mguu wa nyuma umelegea, sponji imekufa, usikiegemee mpaka gundi ikauke. Basi, salamu zimeisha.

Mji wetu umekatwa na mto, na bila madaraja tungekuwa miji miwili inayosengenyana. Ndiyo maana kila kiangazi tuna sikukuu ya madaraja. Siku hiyo magari yanazuiwa, taa za rangi zinatundikwa, na juu ya kila daraja zinapangwa meza kutoka ng'ambo hii hadi ile, ili watu wale, wacheze, wasikilize matarumbeta. Sisi wa mtaa huu daraja letu ni la chuma. Wale wa daraja la mawe wanajiona wao ndio mji, lakini mawe yao yanavuja na sisi hatusemi kitu. Halmashauri inaleta meza. Viti kila mtu anakuja na chake. Wakubwa wanasema hiyo ndiyo inaleta undugu. Mimi nasema ni ubahili.

Sasa fikiria fundi viti wiki moja kabla ya siku kama hiyo. Kiti kimechechemea mwaka mzima, mwenyewe kakiwekea karatasi chini ya mguu, kajitia haoni. Wiki ya sikukuu inafika, ndipo anakuja mbio kakibeba kichwani, anataka leo hii hii. Fundi anawapokea wote. Anawajua watu wa mji huu kwa jinsi wanavyokaa kuliko anavyowajua kwa sura. Huyu anaegemea kushoto, yule anabembea kama mtoto, na kuna mzee mmoja mwenye heshima zake ambaye kochi lake lilionyesha kabisa kwamba ndilo kitanda chake siku hizi.  Fundi aliigeuza sponji tu, akaongeza nyingine, mzee wa watu asiumie mgongo.

Halafu siku yenyewe inafika, mji mzima umekaa juu ya kazi ya mikono yake, na yeye hana wa kukaa naye. Alipokuwa hai, mkewe ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba ya wote wawili. Mama yule alikuwa na mdomo, na kicheko chake ulikisikia kabla hujafika darajani. Alipozikwa, Fundi alibaki na maneno yake machache yaleyale, na hayakutosha. Akawa anakuja na kiti chake kimoja, anakaa mwisho wa meza, na matarumbeta yakianza ameshaondoka. Watu wanampita wakimwambia kiti kiko imara, Fundi, asante. Wanakisalimia kiti, wanaendelea na safari. Inaniuma mpaka leo nikikumbuka, na mimi si mtu wa kulialia.

Ana mtoto mmoja, wa kike, aliyeolewa mji mwingine, safari ya basi kutoka asubuhi hadi mchana. Hawajagombana. Wangekuwa wamegombana ingekuwa nafuu, maana aliyegombana anaombwa radhi, anatumiwa wazee, yanaisha. Hawa hawana la kuisha. Binti anapiga simu kila Jumapili, nasikia Fundi akiitikia, ehe, ehe, haya mama, hakuna shida. Kazi imembana, mume ana zamu, mtoto ana shule. Mwakani, baba, Mungu akipenda. Na mwakani ikifika inaitwa tena mwakani.

Mara ya mwisho walikuja kumzika mama. Mjukuu alikuwa ndiyo kwanza anatembea, anashika kila kitu kwenye karakana, anatia maranda mdomoni, nami namkimbiza. Kabla hawajaondoka Fundi alimsimamisha kwenye mwimo wa mlango, akachora alama ya penseli penye goti. Nilimwambia watu wengine hupima penye kichwa. Akaniambia kichwa hakikai kwenye kiti. Kwake yeye mtu anaanzia kisiginoni na kuishia gotini, huko juu ni mapambo.

Mwaka huu, katikati ya wiki ya kazi, alikuja upande wangu. Hajawahi. Tukiwa na neno tunagonga ukuta. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema wanakuja. Nikauliza akina nani, ingawa nilishajua, na hapo hapo nikaunguza shati la watu. Sikujali. Uso wake ulikuwa umefunguka, nikaona kumbe mtu huyu aliwahi kuwa kijana.

Kuanzia siku ile wateja walimkoma. Viti vyao vimejipanga nje hadi kwangu, na yeye ndani anatengeneza kiti cha mtoto. Alitoa ubao mgumu aliouficha muda mrefu juu ya dari, akauchonga, akaupiga msasa mpaka ukawa laini wa kulalia shavu. Mgongo aliupinda kidogo. Kikalio alikisuka kwa kamba, safu kwa safu, kwa vidole vile vizito. Wateja wanabishana mlangoni, mmoja akamwita kichwa maji, nami nikamjibu yule bwana jibu ambalo nadhani bado anatembea nalo.

Kilipokamilika aliniita nikione. Kilikuwa kizuri, kizuri sana, na kidogo. Nikamuuliza, si atakuwa amekua?

"Nimeongeza vidole viwili," akasema.

Akanionyesha alama ya mlangoni, na vidole viwili juu yake.  Yeye ndiye fundi, mimi najua kola na mikono ya mashati. Na mtoto mwenyewe nilikuwa nikimwona kwenye simu ya Fundi, akinipungia Jumapili, lakini simu inaonyesha uso, magoti haionyeshi.

Asubuhi ya sikukuu nilimpigia pasi shati lake jeupe bila kudai chochote, na nikamwambia asizoee. Alifika darajani kabla ya wanaopanga meza. Alibeba kiti chake, kiti cha marehemu mkewe ambacho binti angekalia, na kile kidogo kakining'iniza begani. Hakwenda mwisho wa meza. Alichagua katikati kabisa, penye upepo. Mimi nikatia kigoda changu mbele yake. Sina mtu wa kumsubiri, kwa hiyo huwa sichelewi popote.

Watu wakaanza kujaa. Kila anayepita anaona viti vitupu, anashika kimoja, anauliza kama kina mtu. Kina mtu, anajibu Fundi. Na hakuishia hapo. Anaongeza kwamba ni binti yake, anakuja na mjukuu, wako njiani. Watu wakasimama, wakakishika kile kiti kidogo, wakakigeuza, wakakisifia, na yeye akawaeleza ubao ni wa mti gani na kamba ameisuka vipi. Muuza mikate alikaa naye kitambo kizima. Mchana ule Fundi aliongea maneno mengi kuliko niliyoyasikia ukutani tangu mkewe afe. Nami kila alivyozidi kuongea ndivyo nilivyozidi kuwa roho juu, maana sasa daraja zima linajua wanakuja. Wasipokuja atauweka wapi uso wake?

Basi lilichelewa. Supu ikapita, nyama ikapita, na Fundi hakugusa. Aliacha kuongea. Macho yake yako upande wa stendi, mkono wake uko juu ya mgongo wa kile kiti kidogo, na anayekuja kuuliza kama kina mtu namjibu mimi, na simjibu vizuri.

Wakaja. Nilimwona binti kwanza, amebeba begi, anapenya kati ya watu, amechoka ile ya safari. Kamshika mkono msichana mrefu, miguu mirefu, soksi zimeshuka, mapengo mawili mbele. Fundi alisimama akicheka. Halafu akanyoosha shingo, akachungulia nyuma yao, kumtafuta mtoto.

Nyuma yao hapakuwa na mtoto mwingine.

"Shikamoo, babu," akasema yule msichana.

Fundi alimrudishia macho. "Marahaba," akasema. Akamshika kichwa, akamshika bega, kama anayepapasa kiti asichokitengeneza yeye. Binti akanisalimia, shikamoo shangazi, nikaitikia, na macho yangu hayakuwa kwake. Mtoto alikuwa ameshakiona kiti. Akakiinamia, akakibeba kwa mkono mmoja, uso unang'aa.

"Babu, hiki ni cha mdoli wangu?"

Binti alifungua mdomo. Yeye ni mtoto wa karakana, kakulia kwenye maranda ya mbao, anajua kiti cha mtoto na anajua kiti cha mdoli. Aliangalia kile kiti, akamwangalia baba yake. Fundi hakumwachia nafasi ya kusema.

"Ndiyo," akasema. "Cha mdoli wako."

"Lakini sikuja naye."

"Basi utamleta siku nyingine."

Binti aligeuka akaangalia mto. Aliuangalia muda mrefu, na mto wetu hauna cha kuangaliwa hivyo. Nilitaka kumchapa na nilitaka kumkumbatia, sikufanya lolote, nikagawa mikate.

Mtoto akakaa kwenye kiti cha Fundi, na Fundi akasimama. Nilimpa kigoda changu akakataa. Alisimama nyuma ya mjukuu wake saa zote walizokaa, akimsogezea sahani, akimsikiliza habari za shule, za rafiki yake anayeuma watu, za jino lililong'okea kwenye embe. Mtoto mzuri, mchangamfu, ana kicheko cha bibi yake kabisa, mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Alikuwa haulizi maswali ya mtu anayemjua babu yake. Alimuuliza anapenda rangi gani, anaishi wapi, kama ana mbwa.

Walikuwa wakirudi jioni ile ile, kesho kazi, kesho shule. Binti akamwambia baba, njoo kwetu ukae hata mwezi, chumba kipo. Alisema kwa moyo, nilimsikia. Na Fundi, mtu anayezungumza na gundi mwaka mzima, akajibu kwamba viti vya watu vimejaa pale, atawaambiaje. Nilikaribia kumrushia kigoda. Nikamwambia mbele ya mtoto wake kwamba viti vya watu havimzai wala havimziki. Akatabasamu tu. Naelewa sasa kwamba alikuwa ameogopa. Amezoea kusubiri, na kwenda hakukujua.

Kabla hawajaondoka alichuchumaa mbele ya mjukuu, akatoa utepe wake wa kupimia mfukoni, akampima kutoka kisiginoni hadi gotini. Mtoto alicheka, anatekenywa. Fundi hakuandika. Alibana kidole gumba pale pale kwenye utepe, akawaaga kwa mkono mwingine, akabaki amesimama mpaka basi lilipopita barabara ya mtoni. Matarumbeta yalikuwa yanapiga na mara hii hakuyakimbia, nadhani hakuyasikia. Viti vyote nilivibeba mimi, kwa sababu yeye mkono mmoja ulikuwa na kazi. Nikamwambia aandike, kwani kidole ni penseli?  Alitembea na kidole hicho hadi karakana, akachora alama mpya kwenye mwimo wa mlango. Ilikuwa juu ya ile ya zamani, mbali sana na vidole viwili.

Kile kiti kidogo mtoto alikisahau mezani. Kiko kwangu, juu ya rafu ya mashati yaliyokwisha kupigwa pasi. Fundi hajakiulizia.

Baada ya sikukuu kazi hufa, hakuna anayekumbuka kiti tena. Lakini nilisikia randa ukutani, siku baada ya siku, na nyundo ndogo. Nikavumilia, nikashindwa, nikaenda kuona. Alikuwa ametengeneza kiti kingine. Mgongo umepindwa vilevile, kikalio kimesukwa vilevile, kipana zaidi. Miguu ndiyo sikuielewa. Nilitazama alama mpya ya mlangoni, nikatazama miguu ile, haviendani hata kidogo. Nikamwambia Fundi, safari hii umekosea upande wa pili, mtoto ataning'inia.

"Nimeiacha mirefu makusudi," akasema. "Akija, nitaikata."

Nikamuuliza anakuja lini. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta vumbi ambalo halikuwepo. Simu ya Jumapili nilikuwa nimeisikia mwenyewe, ehe, ehe, haya mama, hakuna shida.

Basi nikakaa kwenye kile kiti, nijue tu. Nyayo zangu zikatulia sakafuni, mapaja yakalala sawa, magoti yakakaa penyewe. Mimi mtu mzima, tena si mfupi. Nilikaa pale nikimwangalia, na yeye akiiangalia miguu yangu, na nikaona kwamba anajua vizuri kabisa alichokipima, miaka, si goti.

Akaniambia niinuke, kina mwenyewe.

Nikainuka.