Binti Aliyechunguza Hamira

Ottilia alipochagua kusomea jinsi hamira inavyotambua hewa, majirani wa kijijini kwao Mkumbi walicheka. Mzee Vitalis alimwambia mama yake Ottilia, Benadetha, kwamba amesomesha mtoto hadi chuo kikuu apate shahada ya maandazi. Benadetha, aliyeuza maandazi sokoni tangu Ottilia ananyonya, aliendelea kupanga maandazi yake, lakini neno lile lilimkaa rohoni.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Ottilia alikuza hamira kwenye chupa zisizo na oksijeni, akitarajia kwamba jeni za wakati wa shida, zile zinazofanya kazi hewa inapokosekana, zingeamka. Hazikuamka. Wenzake wakamshauri atafute mada nyingine. Akapiga simu nyumbani akilia, na Benadetha akamwambia apumzike, ale, kisha aangalie upya. Ottilia akakagua vifaa kimoja kimoja mpaka akagundua kwamba mpira wa bomba lililoingia kwenye chupa ulikuwa ukipitisha hewa ya nje. Akaubadilisha, akaanza upya, na safari hii jeni zikaamka.

Alipomaliza masomo, sekondari ya kata ilimwalika kuzungumza kwenye mahafali. Benadetha alivaa kitenge chake kipya, akaketi mbele. Kwenye viti vya wazazi alikuwapo pia mzee Vitalis.

Ottilia alianza kwa Kiswahili, akaona wazee hawamwelewi, akahamia Kimatengo, lugha ya nyumbani. Alisema kila seli ya hamira ina jeni, yaani maagizo ya kazi, na haiyatumii yote kwa pamoja. Hewa ikiwapo, seli hutengeneza hemu, kitu chenye chuma, ndugu wa kile kinachoipa damu wekundu. Hemu huiamsha protini fulani, nayo huwasha jeni za kupumulia, tena huwasha mlinzi, protini nyingine inayozifunga jeni za shida. Hewa ikiisha, hemu hupungua, mlinzi hutoweka, jeni za shida hufunguka. Ndipo seli huanza kufyonza mafuta ya nje, maana yale inayoyahitaji haiwezi kuyatengeneza bila oksijeni.

Mzee Vitalis akasimama taratibu.

“Mwanangu, na hewa ikirudi, huyo mlinzi anarudi upesi kiasi gani?”

“Kwa hamira yangu sijui bado, baba,” Ottilia akajibu. “Ndicho ninachokwenda kupima sasa.”

Mzee akainamisha kichwa kwa heshima, akaketi. Benadetha aliwatazama watu waliomgeukia binti yake, wakingoja aendelee. Ottilia alipomaliza, kabla mkuu wa shule hajashukuru, mama alikwisha kupiga vigelegele.