Nilivyokwama na Mama Mkwe Kit Mikayi

Kuna aibu ambazo mtu anaweza kuzificha hadi kaburini, na hii yangu ningeificha pia, ila watu wa mtaa wetu wa Manyatta wameshaisikia nusu nusu na kila mmoja ameongeza chumvi yake (juzi fundi wa viatu aliniambia eti nilitoka uchi wa mnyama, jambo ambalo si kweli kabisa), kwa hiyo afadhali niwape yote mimi mwenyewe, mcheke mara moja mmalize.

Asubuhi yenyewe ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimeshika usukani wa Probox niliyoazima kwa rafiki yangu anayeuza kuku (harufu ya kuku hakuniazima, ilikuja yenyewe), kando yangu mke wangu Nafula, nyuma binti yetu Achieng, na nyuma kabisa ya kiti changu, mahali ambapo jicho langu lisingeweza kumfikia hata kwa bahati mbaya, mama yake Nafula. Kioo cha katikati nilikigeuza kikawa kinaangalia paa. Sisi Wajaluo, na wao Wanyala wa Port Victoria vilevile, hatuna mchezo na jambo hilo: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na kugusana ndiyo usiseme.

Sasa, shida ni kwamba mimi sikuwa mkwe. Nilikuwa naishi na binti yake, nimezaa naye, lakini wazee wangu walikuwa hawajakanyaga boma lao hata siku moja. Mimi ni mtu wa kuzunguka. Shule niliiacha darasa la saba kwa sababu nilitaka kujua malori ya samaki huwa yanaelekea wapi, nikapanda moja, na tangu hapo nimechuma maua Naivasha, nimebeba magunia ya chumvi Magadi, nimeuza mayai ya kuchemsha Kampala, na kila mahali nikifika naanza kujiuliza kule mbele kuna nini. Mama alikuwa amechoka kusubiri. Alikuja Kisumu kumchukua binti yake na mjukuu wake, akamwambia Nafula wazi, mimi nikiwa upande wa pili wa pazia, "Utakaa nyumbani mpaka huyo mtu awe mtu."

Ndipo nikajitolea kuwapeleka mwenyewe. Nikasema haitakuwa safari ya kulia, itakuwa safari ya familia, tutasimama njiani tuone maajabu, na yule mama ataona kwamba ninaweza kuongoza watu wangu kutoka mahali hadi mahali. Kama ningeshindwa, ningerudi Manyatta peke yangu na harufu ya kuku.

"Umepanga tutapitia wapi?" Nafula aliniuliza nikiwasha gari.

"Nimepanga."

"Wapi?"

"Utaona."

(Sikuwa nimepanga chochote. Mimi maisha yangu yote barabara ndiyo imekuwa ikinipangia.)

Kwa kuwa sikuwa na wazo, mikono yangu ikakata kona kuelekea Dunga, ambako hata si njia ya Port Victoria. Nikaegesha karibu na maji, boti zikiwa zimetoka kuvua, wanawake wakianika dagaa wa omena, na ziwa limetulia kama sahani. Nikasema kwa sauti ya mtu anayefungua zawadi, "Tazameni! Ziwa!"

Kule nyuma mama akamwambia binti yake (maana kwangu hakuwa akisema neno, kila kitu kilipitia kwa Nafula), "Mwambie dereva hili ziwa naliona kila asubuhi nikienda chooni."

Dereva. Hilo ndilo jina alilonipa siku hiyo. Niligeuza gari masikio yakiwaka moto, tukarudi mjini, tukapita Kisian, tukashika njia ya Bondo, na nikaapa moyoni kwamba kituo kinachofuata lazima kimtikise.

Ndiyo maana nilipoona yale mawe ya Kit Mikayi yakichomoza juu ya miti kule Seme, nilikata kona bila kuuliza mtu.

Jamani, yale mawe. Nimepita karibu nayo mara nyingi nikiwa juu ya mizigo ya watu, lakini sijawahi kusimama chini yake. Ni kama kuna mtu mkubwa kuliko watu wote alikuwa akipanga mafiga, akaweka jiwe la ukubwa wa nyumba, akaweka lingine juu, akaweka lingine, halafu akaitwa mahali na hajarudi mpaka leo. Ukiinua kichwa mawingu yakipita, unaona mawe ndiyo yanatembea, yanakuangukia. Achieng alinishika mkono akanong'ona, "Baba, yakianguka?" Mahali pale watu huja kufunga na kuomba, na siku hiyo kulikuwa na akina mama wa kanisa wenye kanzu nyeupe, wanaimba ndani ya mapango huku ngoma inapigwa, na ule wimbo ulikuwa unatoka ndani ya jiwe kama jiwe ndilo linaimba.

Mama alikuwa amesema atabaki garini. Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nayo kichwani, na naomba muikumbuke mnaponihukumu.

Mwongozaji wa pale alikuwa anatueleza habari ya yule mzee wa zamani aliyependa kukaa pale mchana kutwa mpaka watu wakasema amepata mke mwingine wa mawe, nami nilipaswa kusikiliza. Lakini upande wa nyuma niliona ufa. Mwembamba, mweusi, unaingia kati ya mawe mawili. Nikajiuliza unatokea wapi. Basi hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia, katika kujiuliza tu. Nikamwachia Nafula mtoto, nikaingia ubavu ubavu nikiwa na koti langu, koti kubwa la marehemu baba nililolivaa ili nionekane mtu mzima.

Ndani palikuwa baridi na giza, na ule wimbo unakutetemesha mbavu. Nikawa nasonga, napapasa jiwe, nashangaa jinsi lilivyo laini pale ambapo mabega ya watu yamelisugua miaka na miaka, mpaka kifua changu kikagusa kitu ambacho si jiwe. Kilikuwa leso. Na ndani ya leso kulikuwa na mtu mzima, mnene kiasi, anayekuja kutoka upande wa pili.

"Ni nani huyo?" sauti ikauliza.

Niliijua ile sauti. Nikanyamaza, kama mjinga anayedhani akinyamaza atatoweka.

"Nauliza ni nani?"

"Ni dereva, Mama."

Akageuza uso akautazama ukuta wa kulia, nami nikageuza wangu nikautazama wa kushoto, tukabaki tumebanana kifua kwa kifua, mimi na mama mkwe wangu, kama chapati mbili zilizowekwa pamoja zikiwa moto. (Kumbe alisikia ule wimbo garini ukamshinda nguvu, akatoka kuufuata, na wale akina mama wakampokea, wakawa nyuma yake.) Nilijaribu kurudi kinyumenyume nikakuta nyuma yangu pia pamejaa, wanafunzi wa chuo walioniona nikiingia wakadhani hiyo ndiyo njia. Na koti la marehemu lilikuwa limekunjamana mgongoni, limeng'ang'ania jiwe pande zote mbili.

Mwongozaji alitokea juu, kichwa chake kidogo kwenye mwanga. "Wewe wa koti! Mshike mama mkono umvute upande wako, huko kuna nafasi!"

"Siwezi!"

"Mshike tu bwana, hataumia!"

"Siwezi kumshika! Huyu ni mama mkwe wangu!"

Mawe yalilidaka lile neno yakalirudia, mkwe wangu, mkwe wangu, likazunguka mapangoni na kupanda mpaka juu. Ngoma ikakatika. Wimbo ukakatika. Wanafunzi nyuma yangu wakaangua kicheko, lakini wale akina mama hawakucheka hata mmoja. Nilisikia mmoja akisema "Yawa!" kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

Kisha kiongozi wao, mwanamke mwenye sauti ya kuendesha ng'ombe, akauliza kutoka gizani, "Mama, ni kweli? Huyu ni mkwe wako? Kama si mkwe, asukume apite, tuendelee na maombi yetu. Kama ni mkwe, hiyo ni kazi nyingine."

Nawaambia, sijawahi kusubiri neno kama nilivyosubiri lile. Ilikuwa rahisi sana kwake kusema hapana. Angesema hapana, aibu yote ingeyeyuka, ningekuwa kijana yeyote tu aliyekwama, tungesukumana tukatoka, na mimi nikarudi zangu Manyatta. Nilisikia pumzi yake. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

"Leteni leso nyingine," akasema mwishowe.

Ilipitishwa mkono kwa mkono, ikateremshwa kati yetu kama pazia, kiongozi akaishikilia upande mmoja. Wanafunzi wakaamriwa warudi nyuma, na waliporudi wawili wakanishika miguu ili wanivute. Koti likabaki. Mimi nikaja. Ila jiwe lilikuwa na jino mahali fulani, na lile jino likaidaka suruali yangu kiunoni, nami nikasikia ikichanika mpaka gotini, taratibu, kama mtu anayechana kanga ya kufungia mzigo.

Nikatoka kwenye mwanga kinyumenyume, mbele ya watalii, mbele ya wanafunzi wenye simu, mbele ya mke wangu.

"Baba!" Achieng akapiga kelele. "Suruali yako inacheka!"

Na wakati huohuo, kwa sababu siku mbaya haiishii njiani, mama naye akawa anatokea. Akaona. Sijui aliona kiasi gani. Akajifunika leso kichwani akaelekea garini bila kugeuka, na yule kiongozi wa maombi akanitazama kwa huruma akasema, "Hii haiondoki kwa sabuni, baba. Hii ni ya mbuzi wa kutakasa. Kama kweli ni mkwe."

Nafula alinifunga leso yake kiunoni. Hivyo ndivyo nilivyoendesha gari kupita Bondo yote, mwanamume mzima, nimevaa leso yenye maua ya waridi, na ndani ya gari hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa Achieng, aliyekuwa akiimba ule wimbo wa mapangoni.

Tulishuka upande wa Usenge, barabara ikawa vumbi, vumbi likawa tope, kisha mafunjo yakatufunga pande zote. Sijui niwaelezeje. Mafunjo marefu kuliko gari, kijani mpaka macho yanauma, yanainama yote pamoja upepo ukipita kama umati unaosalimia mtu, na mbele yake maji, na ndege weupe wanaruka bila kelele. Nilipunguza mwendo kwa sababu nilisahau kukanyaga mafuta.

"Mwambie asimame," mama akasema.

Tukashuka, yeye upande wake wa gari, mimi wangu. Akanyoosha mkono kuelekea majini. "Nafula, mwonyeshe mtoto. Pale ambapo kile kijiti kimesimama, ndipo palikuwa jikoni kwangu. Maji yalipopanda hayakubisha hodi." Tukatazama. Kulikuwa na kijiti tu, na ndege mmoja juu yake, na ziwa limekaa pale kwa utulivu kama ambaye hajawahi kumkosea mtu. Mimi niliyekuwa nimempeleka mwanamke huyu Dunga kumwonyesha ziwa! Nilitamani mafunjo yanifunike.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipoingia Port Victoria, mji nisiokuwa nimewahi kuukanyaga, unanuka samaki na moshi wa kukaanga, watu wanapanda kutoka ufukweni na beseni vichwani. Langoni kwao alitupokea shemeji yake mama, mzee mchangamfu mwenye redio kwapani. Akanitazama, akaitazama leso, lakini ukarimu ukamshinda.

"Karibuni! Kumbe mmekuja na gari! Dereva, karibu, usisimame nje. Utakula hapa, na kulala utalala hapa ndani, kochi liko."

Nilichoka mpaka mifupa. Nikainua mguu kuingia.

"Huyo hawezi kulala hapa," mama akasema.

Mguu wangu ukabaki hewani. Nafula akaanza kulia pale pale, kimya kimya, mtoto mgongoni.

"Mama Nafula, acha roho mbaya," mzee akasema. "Giza linaingia. Dereva ni mtu wa watu, analala popote."

"Ndiyo. Dereva angelala." Mama alikuwa amenipa mgongo, anafungua kufuli la jikoni. "Lakini huyo si dereva. Huyo ni mkwe. Tangu lini mkwe akalala chini ya paa langu? Mtafutieni mahali."

Mzee akazima redio. Akanitazama upya, kuanzia chini, kwenye maua ya waridi, mpaka juu. "Mkwe?" akasema. "Na amevaa hivyo?"

"Usiulize," mama akajibu.

Walinitafutia chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na ufuko, kitanda kimoja, neti yenye tundu, dirisha linalotazama maji. Nimelala sehemu nyingi katika dunia hii, lakini hakuna mahali nimewahi kufukuzwa nikafurahi namna ile. Nafula aliniletea ugali na samaki wa mbuta akasimama mlangoni.

"Mama anasema wazee wako waje kabla ya mvua," akaniambia. "Na anasema mbuzi wa lile jiwe aje peke yake. Asichanganywe na wanyama wa mahari."

Nikala nikitazama ziwa likimeza jua, na nikaapa, na kiapo hicho nakirudia mbele yenu: kuzunguka sitaacha, hiyo sitawadanganya, lakini ufa wowote nikiuona tena duniani, hata uwe mzuri namna gani, nitasimama kwanza nipige kelele niulize ni nani anaingia upande wa pili.