Wambeti na Faili ya Mbuzi

Ukitaka kujua nyanya ya mbuzi wako alikuwa nani, nenda Karurumo umuulize Wambeti. Mwaka wa tisa sasa mama huyu ni karani wa kikundi cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa, na ukoo wa kila mbuzi umo kwenye faili moja katika kompyuta kuukuu ya ofisi. Faili hiyo ndiyo fahari yake. Ikidanganya, watu watazalisha chotara wakidhani ni safi, na wengine watampandisha mbuzi kwa baba yake mwenyewe bila kujua.

Basi Jumatatu moja aliifungua akakuta beberu wa mwenyekiti, Mzee Munyi, ameandikwa safi. Ijumaa alikuwa chotara! Maonyesho ya Runyenjes yalikuwa yamekaribia, na chotara haingii ulingoni. Ufunguo wa ofisi wanao watu wawili tu, yeye na Munyi.

Alikasirika mpaka chai ikampoa mkononi, na aliyemkasirikia zaidi ni yeye mwenyewe. Faili aliifunga kwa neno la siri, sawa, ila neno lenyewe lilikuwa jina la kifungua mimba wake, Kathambi. Na hapa kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba. Kathambi huyo mkubwa alipozikwa, nani alisoma wasifu wake? Munyi. Mwizi hakuhitaji utaalamu wowote, alihitaji tu kuhudhuria matanga.

Wambeti hakumwambia mtu. Alitoa flashi anayoificha kwenye mfuko wa Biblia, akarudisha faili ya Ijumaa, akaifunga upya kwa neno refu. Sasa hata mtu akiinakili aende nayo kwake, ataona takataka tupu.

Alhamisi kulikuwa na mkutano hapo ofisini. Munyi alisimama kifua mbele.

"Karani ametufungia faili yetu! Kwani ni ya mama yake? Anipatie hiyo password sasa hivi, ama tutafute karani mwingine."

Wambeti aliweka uso wa kanisani.

"Sijakataa, Mzee. Kuja ukae kwa mashine uandike mwenyewe, mimi nikusomee. Ni refu kidogo, vaa miwani."

Munyi akaketi, kidole kimoja juu ya kibodi.

"Andika: beberu."

"Beberu," alirudia kwa sauti, maana hawezi kuandika akiwa amenyamaza.

"Wa."

"Wa."

"Munyi."

Kidole kikasita. Safu ya mbele ikaanza kucheka.

"Andika tu, Mzee. Ni."

"Ni..."

"Sasa malizia. Neno la mwisho unalijua, ni lile ulifuta."

"Chotara!" akaita mama mmoja kutoka nyuma, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Munyi alivua miwani polepole. "Faili ikae tu na karani," alisema, akarudi kwenye kiti chake.

Mkutano ulipoisha, Wambeti alibaki nyuma kubadilisha neno la siri, kwa kuwa sasa kikundi kizima kililijua.