Nilivyochaguliwa Kocha wa Malaba

Katika maisha yangu ni machache sana ninayoyaonea haya. Nilitoka Butula na suruali moja, nikajisomesha kwa kuchoma matofali, nikapata nafasi ya kwenda Australia, na nikarudi na diploma ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wakati ambapo watu wa kwetu wenye diploma ya ng'ambo ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hayo nimeyasimulia mara nyingi na nitaendelea kuyasimulia. Hili la timu ya Malaba sijawahi kumsimulia mtu, hata mke wangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Timu ilikuwa ya watu wa mpakani: madereva wa malori, matingo wao, wapakiaji wa magunia na makarani wa mawakala wa forodha. Kocha wetu alikuwa dereva, na tajiri wake alipomhamishia njia nyingine, kamati iliita kikao cha kuchagua mwingine. Tuliojitokeza tulikuwa wawili.

Mwenzangu alikuwa mtu mzima aliyevuka kutoka Uganda miezi michache nyuma, akikimbia mambo ya huko. Kwao alikuwa amefundisha timu ya kiwanda kwa miaka. Kwetu alibeba magunia mchana na kulala kwenye kibaraza cha ghala. Kila mtu alijua kwa nini aliitaka kazi hiyo. Kocha hakuwa na mshahara, lakini alipewa chumba nyuma ya ofisi ya mwenyekiti, na barua yenye muhuri ya kusema kwamba ni mtu wa klabu. Siku hizo naibu chifu alikuwa ameanza kuwauliza wageni nani anawajua, na asiyejulikana alirudishwa alikotoka. Yeye alikuwa akitafuta barua. Mimi, afisa wa mifugo, nilikuwa na nyumba ya serikali Busia na pikipiki ya kazi. Nilichokuwa nikitafuta ni kuitwa kocha.

Mwenyekiti wetu alikuwa wakala wa forodha wa siku nyingi, mtu aliyeshinda kutwa akikagua stakabadhi. Alianza na mwenzangu.

"Vyeti viko wapi, mzee?"

"Vilibaki kwa nyumba, ssebo. Nilitoka na shati tu."

"Hapa hata gunia la vitunguu halivuki bila karatasi," mjumbe mmoja akasema, "sembuse kocha."

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka kidogo.

Ndipo nikatoa diploma yangu. Mwenyekiti aliipokea kama alivyozoea kupokea fomu za mizigo. Aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akapapasa muhuri mwekundu kwa kidole gumba, akazihesabu sahihi. Maneno yenyewe hakuyasoma.

"Hii ni ya mpira?" akauliza.

"Kule nilikuwa katika klabu kubwa ya mpira," nikajibu.

Sikuwa nimedanganya, kwa jinsi fulani. Katika mji niliosomea walicheza mpira wao wenyewe, wa umbo la yai, watu kumi na wanane kila upande. Waliudaka kwa mikono na kuupiga katikati ya milingoti isiyo na wavu. Mimi nilikuwa nikiwapelekea wachezaji maji. Mpira huo sikuufundisha wala sikuucheza.

Tena nilijua jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Nikiwa kule, klabu ile ilitafuta kocha mkuu, nami nilikuwa nikipanga chupa chumbani wakati wakubwa wakijadiliana. Alikuwapo bwana mmoja mwenye mkoba wa vyeti, na mwenye bucha wa mji ule ambaye hakuwa na cheti chochote. Hawakubishana sana. Walimpa kila mmoja jioni moja na wachezaji, kisha wakawauliza wachezaji. Wakamchukua yule wa bucha. Pale Malaba ningesema hivyo tu: tupeni jioni moja moja. Badala yake nilisema, "Siku hizi mpira ni sayansi."

Mikono yote iliinuliwa kunichagua. Mwenzangu naye aliinua wake.

Katika mazoezi yangu ya kwanza niliwarukisha wachezaji juu wadake mpira kwa mikono, kama nilivyoona kule, kwa sababu hakuna kingine nilichokijua.

"Boss," kipa akaniuliza, "sasa sisi wote ni makipa?"

Baada ya wiki mbili niliona wanakuja kwangu wakiwa wamekwisha kuchoka. Asubuhi moja nikapitia nyuma ya maghala nikawakuta na yule mzee, kabla ya kazi ya magunia. Hakuwa na filimbi. Alimshika mchezaji kiwiko, akamsogeza hatua mbili, akamwachia. Nikarudi nilikotokea kabla hawajaniona. Tukaanza kushinda. Kila Jumapili nilivaa koti langu la Australia, na mwenyekiti akawa ananipiga begani: "Kusoma si mchezo."

Jioni moja yule mzee alinifuata hadi kwenye pikipiki.

"Mwalimu, niandikie barua tu. Useme nafua jezi."

"Nitaongea na kamati," nikamwambia.

Sikuongea nao. Niliogopa wangemwita na kumwuliza anafanya nini na wachezaji alfajiri. Chumba nilichopewa nilikifunga kwa kufuli, na ndani mlikuwa na mipira miwili na viatu vyangu.

Haukupita mwezi, naibu chifu akaja uwanjani na askari wawili, yule mzee akiwa katikati yao. Wachezaji walikuwa wakikimbia upande wa mbali.

"Kocha, huyu anasema ni mtu wa timu. Unamjua?"

Barua ingeweza kuandikwa pale pale, juu ya tangi la pikipiki. Kalamu ilikuwa mfukoni.

"Huwa namwona hapa uwanjani," nikasema. "Watazamaji ni wengi."

Yule mzee alingoja askari amshike mkono, kisha akanigeukia na kusema kwa sauti ya kawaida, kama tuko mazoezini, "Mwalimu, yule beki wa kushoto goti lake si zima. Anaficha. Jumapili umpumzishe." Wakaenda naye kwa miguu kuelekea daraja la kuvukia Uganda.

Jumapili nilimpumzisha yule beki. Alikuja kukaa kando yangu kwenye benchi, akanyoosha mguu taratibu, akaniuliza nimejuaje, kwa maana hakuwa amemwambia mtu. Nilimjibu kwamba kocha lazima awe na macho.