Fundo Nililoling'ang'ania Matema

Kilichonitoa Tukuyu ni mitumba. Tangu biashara ifunguliwe, kila mtu mtaani kwetu Ibighi ana robota, na mimi fundi cherehani nikabaki napiga miayo. Nikanunua nami furushi la magauni, niwapelekee wafinyanzi wa Ikombe, kando ya ziwa, mbele ya Matema, ambako niliambiwa wauzaji hawajafika.

Asubuhi na mapema nilipanda lori la kuteremka Kyela. Furushi nililifunga kiunoni kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo, lisije likaanguka kwenye kona. Baridi yetu ikaniacha njiani. Kufika Ipinda navuja jasho.

Matema, saa nane mchana, nilimkuta Mama Atupele, mfinyanzi. Alikuwa amebadilisha vyungu vyake kwa magunia mawili ya mchele, anarudi kwao Ikombe kwa mtumbwi. Akakubali kunichukua, ila akanitazama kiunoni.

"Baba, fungua hiyo. Kwenye mtumbwi mtu hajifungi mzigo."

Nikamjibu kwamba babu yangu alikuwa mtu wa Kilwa, maji nayajua. Uongo mtupu! Sikuwa nimekaa ndani ya mtumbwi hata siku moja.

Tulipita karibu na mawe ya mlimani, ziwa limetulia kama maji ya beseni. Moyoni nikamcheka, mama mwoga huyu. Mara akaacha kupiga kafi, akatazama kusini. Mbali kule kulikuwa na mstari mweupe. Akasema ni mwera, upepo wa kusini wa ziwa lile. Wallahi, sijakaa sawa, mawimbi yanaingia ndani. Akanirushia kipande cha kibuyu nikumbe maji. Furushi likalowa, likawa zito, likanivuta upande mmoja, na mtumbwi nao ukalalia huko huko.

"Litupe," akasema.

Nikashika fundo. Limevimba, halifunguki. Mimi, mtu wa sindano na uzi! Mama Atupele alinitazama mara moja tu. Kisha akausukumia mchele wake ziwani, gunia la kwanza, halafu la pili. Mtumbwi ukainuka. Mimi hata kukumba maji nikasahau.

Ikombe tulifika jioni. Wanawe walikuja mbio kupokea mchele. Wakachungulia mtumbwini, wakanitazama mimi na furushi langu. Sijapata kuona aibu vile. Chakula kilikuwa muhogo, na nikapakuliwa wa kwanza. Nikamwomba radhi.

"Mchele utarudi na vyungu vingine," akasema. "Wewe ungerudi na nini?"

Ndipo akalifungua lile fundo, taratibu, kwa kijiti chake cha kufinyangia.

Asubuhi, kabla upepo haujaamka, alinirudisha Matema. Furushi zima nililiacha kwake. Aliponishusha akanipa kamba yangu, akasema hiyo ni ya kwenye lori.

Nyumbani Ibighi mke wangu aliuliza furushi liko wapi. Nikamwonyesha kamba. Nilichojifunza kimekula chakula cha watoto wa watu: mwenye mtumbwi akikuambia fungua, fungua ungali nchi kavu.