Kifo Ambacho Sikukiona

Miaka ya sitini ikielekea kuisha nilikuwa nafagia jumba la sinema hapa Kisumu. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo msinitegemee kwa maneno makubwa. Nasema nilichoona, na aibu niliyopata.

Jumamosi moja mchana niliingia na ufagio kabla picha haijaisha, nikasimama nyuma. Kijana wa kwenye picha akafa. Sasa sisi, mtu akifa mbele yako, hunyamazi kama gogo. Mwanamke anaweka mikono kichwani na kupiga nduru. Nikaipiga, tena ile ya kuitisha kijiji, hata waliokaa mbele wakakimbilia mlango wakidhani jumba linaungua.

Mwenye sinema akaniita. "Mama, hapa watu wanalia kimya. Ukipiga nduru tena, kazi huna."

Nilikuwa mjane mwenye watoto wanne. Sikubishana.

Mwendesha mashine ya picha alicheka akishika ukuta. "Nani amekufa, Mama? Ulimwona akifa?"

"Kwa macho yangu haya."

"Basi kesho tazama tena."

Nikatazama. Kijana anaingia chumbani akikohoa, mlango unafungwa. Halafu ni mama yake tu jikoni, ameacha kukoroga uji. Uji unafurika, unazima moto, naye hauoni. Basi. Kifo hakimo. Nilikuwa nimepigia sufuria nduru.

"Nani amenidanganya hivi?"

"Dairekta, yule aliyeipanga picha hii."

Dairekta niliyemjua mimi ni yule wa kiwanda cha pamba, aliyeshuka garini, akatia sahihi, akaenda kula. Sikujua kuna mwingine wa kukaa chini na kufikiria uji.

Nikaanza kumvizia. Mara ya nne ndipo nikaona: mwanzoni kabisa mama huyo anamgombeza mwanawe kwa tone moja tu la uji lililomwagika. Mimi mpishi wa miaka yote nililiona mara mbili bila kuliona. Dairekta alikuwa ameniwekea mtego mapema, nami nikaingia kama kuku.

Mara ya saba nilijiona mjuzi. Nikajiambia, leo ni uji tu unamwagika, wewe mwanamke. Uji ukafurika. Nikawahi kushika pembe ya leso na kuijaza mdomoni.

Mwenye sinema akapita, akanitazama. "Leo umetulia, Mama. Umeshazoea."

Nikaitikia kwa kichwa, maana kujibu nisingeweza.