Nishani Ndogo ya Sajini Haule

Siku niliporipoti kikosini kwa mara ya kwanza nikiwa Luteni Usu, cheo cha chini kabisa cha afisa, nilipokewa na Kapteni msimamizi wa mesi, yaani nyumba ya kulia na kupumzikia maafisa. Hakuniuliza kama najua kulenga shabaha. Alinitazama vifungo, akashuka hadi kwenye viatu, ndipo akafungua kinywa.

"Kwenu wapi?"

"Kigonsera, afande. Mbinga."

"Huko mnalima kahawa na kuimba misa. Hapa utajifunza kuvaa."

Nikajifunza, tena nikapitiliza. Marehemu mke wangu alizoea kusema kwamba naweza kumsamehe aliyeniibia, lakini si aliyenikunjia suruali vibaya. Kapteni yule ndiye aliyenifundisha habari za nishani. Ile kubwa, unayovishwa mbele ya gwaride, huvaliwa mchana kwenye sare ya sherehe. Kwenye chakula rasmi cha jioni, juu ya koti fupi la mesi, huvaliwa nishani ndogo, nakala ya karibu nusu ya ile kubwa. Kila ndogo lazima iwe na kubwa yake, na kubwa lazima iwe na hati. "Ukivaa ndogo mchana, Luteni," alisema, "ni kama umekwenda kanisani na nguo za kulalia." Tulicheka, lakini hakuna aliyethubutu kukosea.

Mimi ninazo ndogo tatu kwenye utepe mmoja. Ya kwanza ni ya vita, walipewa wote waliokwenda na kurudi. Ya mwisho ni ya utumishi mrefu na tabia njema, ambayo kwa ukweli hupewa kila asiyefumaniwa. Ya katikati ni ya ushupavu, na hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu nikiwa na umri huu.

Vita vya Kagera vilinikuta Luteni, kiongozi wa platuni, watu kama thelathini hivi. Msaidizi wangu alikuwa Sajini Haule, mtu wa Lituhi, mvuvi mwana wa mvuvi, mpole, mwenye mabega ya kuvutia nyavu. Asubuhi moja tulifika kwenye mto usio na daraja, na adui yuko ng'ambo anatumiminia risasi. Mimi ni Mmatengo wa milimani. Maji yakinifika magotini naanza kusali. Haule akatambaa hadi nilipolala.

"Afande, nipe kamba."

"Utakufa, Haule."

"Nimekulia kwenye mawimbi makubwa kuliko haya, afande."

Akajifunga kamba kiunoni, akaogelea, akaifunga kwenye mti wa upande wa pili. Tuliishika kamba ile tukavuka. Kisha yeye akarudi mara mbili kuwachukua majeruhi wawili tuliokuwa tumewaacha. Muda mwingi wa tukio hilo mimi nilikuwa nyuma ya kichuguu, nikitoa amri ambazo hakuna aliyezisikia.

Vita vilipotulia, Mkuu wa Kombania, Meja mmoja asiyependa maneno mengi, aliagiza kila platuni iandike taarifa ya tukio. Hiyo ndiyo karatasi inayopanda makao makuu, na majina ya nishani hutoka humo. Niliandika kwamba platuni, chini ya uongozi wangu, ilivusha kamba na kuokoa majeruhi. Meja akaisoma akiwa amesimama.

"Nani hasa aliyeivusha kamba?"

"Mimi ndiye niliyeamuru, afande."

Alinitazama kidogo. "Haya. Inatosha," akasema, akatia saini.

Sentensi moja tu ndiyo iliyohitajika, na mdomo haukuwa na jeraha. Siku ya kuvishwa, Haule alikuwa mstari wa pili. Baadaye alinijia, akapiga saluti, akasema, "Hongera, afande." Niliitafuta kejeli katika sauti yake ili nipate sababu ya kumkasirikia. Haikuwemo.

Nishani hiyo ilinibeba. Nilikuwa Kapteni huko Tabora, nikawa mkufunzi Arusha, nikamalizia Songea nikiwa Meja. Kila nilipohamishiwa, Mkuu wa Kikosi mpya alitazama kwanza kifua changu, kisha akanipa kiti. Haule alistaafu akiwa Sajini vilevile, akarudi Lituhi kwenye nyavu zake.

Nami nilistaafu enzi za ruksa. Kahawa tuliyozoea kuipeleka chama cha ushirika sasa ilifuatwa uani na wanunuzi binafsi wenye malori yao, na maduka ya Mbinga yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Hata nishani zililegezwa. Zamani, kupata nishani ndogo kulihitaji barua na hati. Sasa palikuwa na fundi Dar es Salaam aliyemtengenezea yeyote, ilimradi ataje aina.

Ndipo mama mmoja muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa akipanda kutoka Lituhi, akanisimulia kwa kicheko juu ya mzee wa kwao anayedai aliwavusha wanajeshi mto kwa kamba. "Watoto wanamuuliza, nishani iko wapi, babu? Anashika nyavu zake." Sikulala vizuri wiki nzima. Dawa niliijua: kuandika makao makuu, na kwenda kuwaambia majirani zake ukweli. Lakini dawa hiyo ilipita kwenye kifua changu kwanza. Basi nikaagiza kwa fundi yule nishani ndogo ya ushupavu, nikateremka nayo ziwani.

Haule aliipokea kwa mikono miwili. "Ndogo hivi, afande?"

"Ndizo tunazovaa maafisa."

Sikumwambia zinavaliwa lini. Yeye alikuwa sajini. Hakuwahi kuketi kwenye meza yetu, angejuaje? Nilidhani ataifungia sandukuni na kuwaonyesha wajukuu. Huo ulikuwa upumbavu wangu wa pili, na uliumiza kuliko wa kwanza.

Siku ya kuwakumbuka mashujaa, kata ya Lituhi ilifanya gwaride dogo la askari wastaafu kwenye uwanja wa shule, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa mgeni, nimeketi mbele na nishani zangu kubwa. Haule akaja na shati jeupe lililopigwa pasi, ile ndogo ikining'inia kifuani. Afisa Mteule mmoja mstaafu kutoka Ngumbo, mtu wa kanuni kuliko hata mimi, akamsimamisha mbele ya watu wote.

"Hiyo ni ya mesi, Sajini! Kubwa yake iko wapi? Hati iko wapi? Umeinunua?"

Haule aligeuka. Alinitazama mimi. Mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Watoto ndio walioanza kucheka.

Baada ya gwaride alikuja akanirudishia. "Ulijua haivaliwi mchana, afande?"

"Nilijua."

"Na ni wewe uliyekuwa unatukagua vifungo," alisema, akaondoka. Kuanzia siku hiyo hakusimulia tena habari za mto, wala mimi sikupata miguu ya kurudi kwake.

Vijana wa jeshi wanaopita hapa Kigonsera huniuliza siri ya uongozi. Huwaambia waandike taarifa zao wino ukiwa bado mbichi, na wataje majina. Wanaitikia, "Ndiyo, Mzee," wakidhani nazungumzia makaratasi.

Haule alipofariki, nilikwenda kumzika. Wakati wa rambirambi niliomba nafasi, na safari hii nilisema yote: kamba, majeruhi, kichuguu, taarifa, fundi wa Dar es Salaam. Nilisema nishani ya ushupavu niliyonayo ni ya marehemu. Wazee walitikisa vichwa taratibu, akina mama wakafuta machozi, nikahisi mzigo unashuka.

Tulipomaliza kuweka mashada, yule Afisa Mteule wa Ngumbo alinifuata, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, afande. Marehemu hasemwi vibaya. Umemsitiri vizuri sana."

"Nimesema kweli tupu, mzee mwenzangu."

"Ndiyo, afande," alinijibu kwa upole, akinipigapiga begani. "Hata mimi ningesema hivyohivyo."